Herufi saba za Mitwaba: Wanaoishi kwa kukata stika na vibao Lubumbashi

Neno MITWABA lina herufi saba. Kwa msomaji wa kawaida hilo ni jina la eneo na mji mdogo ulio kaskazini mwa jimbo la Haut-Katanga, zaidi ya kilomita 400 kutoka Lubumbashi, mwisho wa barabara ambayo msimu wa mvua huigeuza kuwa tope. Kwa fundi wa stika, neno hilo ni kazi yenye mitego. M na W zina ncha kali ambazo kisu kikiwa butu huzirarua. Kila A ina pembetatu tumboni, na B ina matundu mawili. Jumla ni vipande vinne vidogo vya kung'oa kwa sindano, kimoja kimoja. Kisha kuna nafasi kati ya W na A: kompyuta ikiachwa ipange yenyewe, huacha mwanya unaolisumbua jicho hata la mtu asiyejua kinachomsumbua.

Herufi hizo zikikaa vizuri juu ya kioo cha mbele cha lori, mwenye magunia yake huliona akiwa mbali na kulifuata bila kuuliza. Zikipinda, au zikianza kubanduka baada ya safari ya kwanza, hakuna anayemlaumu dereva. Anayetafutwa ni aliyezikata.

Lubumbashi ni jiji la pili kwa ukubwa nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililoanzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Katika mitaa yake, kuanzia Kamalondo na Katuba hadi Ruashi, Kampemba na Kenya (hii ni wilaya ya jiji yenye soko kubwa, si nchi jirani), maandishi yako kila mahali: dawa, misumari, samaki wa barafu, saluni, makanisa, vibanda vya kutuma pesa kwa simu. Nyuma ya maandishi hayo kuna vyumba vidogo vyenye kompyuta moja, mashine ya kukatia na roli chache za rangi zilizosimamishwa pembeni. Mara nyingi duka la namna hiyo huanza kama kibanda cha kupiga chapa na fotokopi, kile ambacho Wakongo hukiita secrétariat public, halafu mwenye duka akaongeza mashine.

Kuingia ni rahisi, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mtu mwenye akiba kidogo anaweza kununua mashine na kuiwasha kesho yake. Kinachotenganisha duka litakalokuwepo baada ya miaka mitatu na litakalofungwa ni mambo ambayo hayaji ndani ya boksi: kujua kitu gani kitadumu juani, kuuza muda badala ya karatasi, na kujua ni kazi gani ya kukataa.

Enzi ya brashi

Kabla ya kompyuta, kila duka, baa, kinyozi na gari la abiria lilimhitaji mtu mwenye brashi na mkono usiotetemeka. Nchini Kongo kazi hiyo imekuwa shule ya wasanii. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana na kuanza kwa kuchora vibao vya matangazo. Mwaka 1975 alifungua karakana yake mwenyewe. Alipohamia kwenye picha za kuning'iniza ukutani hakuziacha herufi: aliandika sentensi ndani ya picha, kwa sababu aligundua kuwa anayesoma husimama muda mrefu zaidi mbele ya kazi. Mwaka 1989 picha zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre. Msingi wa yote hayo ni jambo ambalo kila mwandika vibao analijua: neno humshika mpita njia.

Lubumbashi nayo ilikuwa na Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana ya kila moja kwa Kiswahili cha Shaba. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo kilichapishwa mwaka 1996. Leo kazi za Tshibumba zinatunzwa kwenye makumbusho, lakini wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa mjini waliotaka picha ya kutundika sebuleni. Naye pia aliandika maneno ndani ya picha, ili mnunuzi asikosee kilichotokea wala lini.

Historia ile ile aliyoichora ndiyo iliyowapa waandika vibao kazi. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na Katanga ikaja kuitwa Shaba. Mwaka 1997 Kongo na Katanga zikarudi. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa kuwa majimbo manne, na Lubumbashi ikajikuta makao makuu ya Haut-Katanga. Union Minière ilitaifishwa, na hatimaye jina lililobaki likawa Gécamines. Reli ilikuwa BCK, ikawa KDL, ikawa SNCZ, sasa ni SNCC. Kwenye simu, Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikageuka Airtel mwaka 2010. Kila badiliko ni kibao kinachoshushwa na kingine kinachopandishwa. Majina hubadilishwa kwa amri ofisini, lakini lazima mtu apande ngazi kwenda kuyabadilisha.

Mashine isiyojua kusoma

Mashine ya kukata herufi za stika ilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye kampuni ya H. Joseph Gerber, mhandisi aliyezaliwa Vienna na kukimbilia Connecticut akiwa kijana ili kuwatoroka Wanazi. Kampuni yake ilikuwa tayari imejenga jina kwa mashine za kukata vitambaa vya viwanda vya nguo. Alichofanya kwenye herufi ni wazo lile lile kwa kitu chembamba zaidi. Kompyuta inachora umbo, kisu kidogo kinalifuata.

Hizi zinazouzwa leo, ambazo mafundi huziita plota, hazijaachana na kanuni hiyo. Roli ya vinili ina tabaka mbili: utando wa rangi wenye gundi, na karatasi ya nyuma. Kisu kinatakiwa kukata utando na kuiacha karatasi nzima. Kikizama zaidi, karatasi nayo inakatika na herufi zinadondoka kabla ya wakati. Kikipanda kidogo, utando haukatiki sawasawa, na fundi akivuta mabaki anararua herufi. Ndiyo maana fundi mzoefu hukata kwanza mraba mdogo pembeni ya roli na kuung'oa kwa ukucha. Anaanza kazi ya mteja baada ya hapo.

Baada ya mashine kumaliza, mikono ndiyo inayoanza. Mabaki yanang'olewa, matundu ya A na B yanatolewa, kisha karatasi ya kuhamishia inabandikwa juu ili herufi zote zisafiri pamoja bila kupoteza nafasi zake. Zikifika kwenye mlango wa gari, fundi anapuliza maji yenye tone la sabuni, anaziweka, anazisogeza mpaka mstari unyooke, kisha anasukuma maji nje kwa kadi ya plastiki kuanzia katikati kwenda pembeni. Wanaobandika bila maji hupata nafasi moja tu. Gundi ikigusa bati, imegusa.

Umeme ukikatika katikati ya kukata, plota husahau ilipokuwa. Ukirudi, mashine inaanza upya pengine, na kipande cha nusu mita kinakuwa takataka. Ni ajabu kidogo kwamba hayo hutokea katika jiji linaloishi jirani na migodi ya shaba, madini ambayo dunia nzima hutengenezea nyaya za umeme. Dawa yake ni betri na kigeuza umeme kidogo, kwa kuwa plota haili umeme mwingi. Wengi huinunua baada ya kuharibu roli la kwanza, si kabla.

Lakini hasara kubwa zaidi haitokani na umeme. Mashine haijui kusoma. Itakata PHARMACIE na PHARMACE kwa bidii ile ile. Lubumbashi watu huzungumza Kiswahili, lakini vibao vingi huandikwa kwa Kifaransa, na mteja huleta maneno yake kwenye kipande cha karatasi au kwa ujumbe wa sauti. Herufi moja ikipotea kwenye "quincaillerie", mpita njia atacheka na bado ataingia kununua misumari. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya simu, wateja wote watampigia mtu asiyehusika, na mwenye lori atagundua baada ya wiki mbili za ukimya. Kwa hiyo maduka makini hayakati chochote kabla mteja hajaona mchoro kwenye karatasi, akasoma namba kwa sauti na kutia sahihi. Utaratibu huo wa dakika tano umeokoa urafiki mwingi.

Kuna pia kosa la kioo. Maandishi yanayobandikwa ndani ya dirisha ili yasomeke kwa nje lazima yakatwe kinyumenyume. Kila mwanafunzi wa kazi hii hulikosea mara moja, halafu halirudii tena.

Jua na vumbi

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi chake ni kirefu, kuanzia Mei hivi, na vumbi jekundu hukaa juu ya kila kitu. Halafu mvua huja kwa nguvu. Kwa stika, hayo ni mateso ya pande tatu.

Vinili ya bei ya chini hutengenezwa kwa kusukumwa kati ya mapipa ya moto, kama unga wa chapati unavyosukumwa, na kama unga huo hutaka kurudi ulivyokuwa. Baada ya miezi kadhaa juani hujikunja. Herufi hupungua kidogo na kuacha mstari wa gundi mweusi wa vumbi pembeni yake. Aina ya pili, ya bei ya kati, hutulia zaidi na inaweza kuvumilia miaka mitano au zaidi katika hali nzuri. Aina ya juu haisukumwi: humiminwa ikiwa majimaji na kuachwa ikauke, kwa hiyo haina sababu ya kujikunja. Hiyo ndiyo inayofaa kwenye mabati yenye mikunjo na kwenye magari yanayotarajiwa kudumu.

Tatizo ni kwamba kwenye meza ya duka aina zote tatu zinang'aa sawa. Mteja hawezi kuzitofautisha, na mshindani wa jirani ambaye amenunua roli la bei ya chini anaweza kusema chochote. Baada ya kiangazi cha pili ndipo ukweli unapoonekana, tena barabarani mbele ya watu. Rangi nayo ina tabia zake. Nyekundu na njano za bei rahisi hupauka mapema, nyeusi hudumu. Anayeandika jina la duka kwa nyekundu kwenye ukuta unaotazama jua la alasiri anapaswa kuambiwa mapema kwamba itageuka waridi.

Kuna siri nyingine isiyo na gharama yoyote: kubandika asubuhi. Bati lililokaa juani hadi saa saba mchana linachoma mkono, na gundi ikikutana nalo hushika papo hapo kabla ya mstari kunyooshwa. Vumbi lazima lioshwe, kisha bati lifutwe kwa spiriti. Madereva hawapendi kusubiri. Lakini wanaokuja saa nane na kuondoka saa nane na nusu ndio wanaorudi mwezi unaofuata kulalamika.

Muda hauuzwi kwa mita

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Roli lenye upana wa sentimita 122 na urefu wa mita 50 lina mita za mraba 61. Kama limemfikia fundi kwa dola 122, kila mita ya mraba imemgharimu dola 2. Mlango wa lori unaohitaji jina la mmiliki, uzito wa mzigo na namba mbili za simu unaweza kutumia theluthi moja ya mita. Malighafi haifiki dola moja.

Mteja akiijua hesabu hiyo, na siku hizi wengi wanaijua, atauliza kwa nini alipe kumi. Jibu liko kwenye herufi za sentimita 4. Herufi kubwa tano za kibao cha duka hung'olewa kwa dakika chache. Maandishi madogo ya mlango mmoja yanaweza kula saa nzima, na kipande kimoja kikijikunja kazi inarudiwa. Fundi anayepanga bei kwa mita ya mraba hupata faida kwenye kazi rahisi na kuipoteza yote kwenye kazi ngumu, bila kujua pesa imeenda wapi.

Halafu kuna sarafu. Bidhaa nyingi za namna hii huingia Katanga kupitia mpaka wa Kasumbalesa, chini ya kilomita 100 kutoka jijini, na huuzwa kwa dola. Mteja mdogo hulipa kwa faranga za Kongo, mara nyingi nusu leo na nusu "nikitoka safari". Dola ikipanda kabla lori halijarudi, faida ya mlango imeshaliwa.

Msimu unaofuta madeni ni uchaguzi. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, zaidi ya watu 20,000 waligombea ubunge wa taifa pekee, na kila mmoja alikuwa na namba yake kwenye karatasi ya kura. Kwa mgombea asiyejulikana, namba hiyo ni muhimu kuliko uso wake. Inahitajika kwenye vioo vya magari, milango na pikipiki, na inahitajika leo. Wenye uzoefu hudai malipo yote kabla ya kisu kugusa roli, kwa kuwa mgombea aliyeshindwa ni mgumu kupatikana kwenye simu. Aliyeshinda, wakati mwingine, ni mgumu zaidi.

Ukuta bado ni wa brashi

Wengi walidhani plota ingewafuta waandika kwa mkono. Haikuwa hivyo kabisa, na sababu ni ukuta. Vinili inataka sehemu laini: kioo, bati, plastiki. Kwenye tofali, saruji iliyokwaruzwa au chokaa inayobanduka, haishiki. Na Lubumbashi, kama Kinshasa, ina kuta nyingi zenye jambo la kusema. Maandishi mashuhuri kuliko yote ni lile onyo linalotangaza kwa Kifaransa kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Familia huliandika kwa rangi kubwa kwenye ukuta wao wenyewe, kwa sababu mtu mwingine anaweza kukiuza kiwanja chao wakiwa safarini au msibani. Hakuna tangazo la biashara linalosomwa kwa makini kama hilo.

Kazi ya aina hiyo ni ya brashi. Lakini kuna njia ya kati ambayo baadhi ya maduka yameigundua: plota inakata herufi, fundi anatupa herufi zenyewe na kubaki na karatasi yenye matundu, na mwenye brashi anaitumia kama kielelezo cha kupakia rangi. Ukuta unapata mstari ulionyooka, na mzee wa brashi anapata kazi tano kwa siku badala ya mbili. Pale wawili hawa wanapokaa kwenye chumba kimoja, kijana hujifunza jambo ambalo programu ya kompyuta haimfundishi, yaani nafasi tupu. Herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi. Anayetaka kusomwa kutoka mita 30 anahitaji sentimita 25. Mteja anayetaka jina lake, shukrani kwa Mungu, orodha ya bidhaa na namba nne za simu kwenye kibao cha mita moja anapaswa kuulizwa ni lipi kati ya hayo dereva anayepita atasoma. Mwenye brashi alilijua hilo kwa sababu kila herufi ilimchosha mkono.

Mlango wa migodi

Pesa kubwa zaidi ya kazi hii mkoani iko kwenye migodi, kwenye barabara ya kilomita 300 hivi kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi. Magari ya mgodini hubeba namba kubwa ubavuni na utepe unaorudisha mwanga. Utepe huo una shanga ndogo mno za kioo au vijipembe vinavyourudisha mwanga wa taa pale ulikotoka. Kampuni ya 3M iliweka alama ya kwanza ya barabarani ya aina hiyo Minneapolis, Marekani, mwaka 1939. Usiku, kwenye barabara yenye malori yaliyoharibika bila taa, utepe wa dola chache ndio tofauti kati ya kuonekana na kugongwa.

Migodi pia inataka vibao vya usalama, na hapo rangi si suala la kupenda. Duara la buluu linaamrisha: vaa kofia ngumu. Pembetatu ya njano inaonya. Duara jekundu lenye mstari linakataza. Kijani kinaonyesha njia ya kutokea. Anayepaka onyo kwa kijani kwa sababu njano imeisha dukani amemweka mtu hatarini.

Kwa maandishi, mlango uko wazi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo katika sekta binafsi zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongo. Kongo pia ilijiunga na OHADA mwaka 2012, na sheria za umoja huo zina hadhi ya mjasiriamali mdogo anayeweza kujitangaza bila mlolongo mrefu wa usajili wa kampuni. Kwa vitendo, duka la chumba kimoja linaulizwa namba ya kodi, akaunti ya benki, ankara rasmi, na uwezo wa kusubiri malipo kwa miezi. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi. Kukata vibao 200 kwa roli za kukopa na kulipwa baada ya siku 60 ni kazi ya mwenye mtaji. Kwa hiyo kazi hupita kwa mtu wa kati mwenye karatasi zote, na duka dogo linaifanya kwa bei ya mlango wa lori.

Stika isiyopaswa kukatwa

Jambo zito kuliko bei huingia dukani kimya kimya. Stika ni maneno yenye mamlaka. Kipande cha vinili chenye neno la Kifaransa la wanahabari, nembo ya shirika la misaada au jina la mgodi kinaweza kulipitisha gari kwenye kizuizi ambacho lingezuiliwa. Mashine inaikata kwa dakika tatu, na anayeitaka hulipa bila kubishana.

Mfano wa kila siku ni msalaba mwekundu. Wenye zahanati na maduka ya dawa huutaka juu ya mlango, wakiamini ni alama ya matibabu. Siyo. Ni nembo inayolindwa na Mikataba ya Geneva. Ilichaguliwa mwaka 1864, na Mkataba wa Kwanza wa mwaka 1949 unakataza watu binafsi na maduka kuitumia wakati wote, vita viwepo au visiwepo. Duka la dawa lina msalaba wa kijani. Fundi anayelijua hilo hana haja ya kumfukuza mteja: anabadilisha roli tu, na mara nyingi mteja hushukuru.

Mitwaba inaeleza kwa nini hilo si suala la adabu tu. Katika miaka ya 2000, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai yaliifanya sehemu iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto iitwe pembetatu ya kifo. Vijiji vilichomwa, watu walikimbilia kambini. Waliofika huko na dawa walitumia magari yenye nembo mlangoni na stika ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu: humu hakuna silaha. Hawakuwa na ngao nyingine. Stika hiyo hulinda kwa muda tu ambao wenye bunduki wanaamini kuwa ni ya kweli, na gari moja la uongo lililopita jana huliweka la kweli la leo kwenye shaka.

Kwa hiyo kwenye maduka yanayojiheshimu, anayetaka nembo ya shirika, ya serikali au ya mgodi huombwa barua yenye muhuri, na namba iliyo kwenye barua hupigiwa. Wenye haki huileta. Wengine husema watarudi, hawarudi. Mara nyingi hawaendi mbali: mtaa wa pili kuna plota nyingine, imenunuliwa mwezi uliopita, na mwenye nayo bado anadaiwa pesa ya roli la kwanza.